Betri ya Gari la Mkunga

Jumanne, 4 Machi
Gari la mkunga limeletwa gereji likivutwa kwa kamba. Ni haibridi, la petroli na umeme, lina miaka kumi na miwili. Taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi, haliendi. Gereji ya kwanza ilimwambia betri kubwa imekufa, anunue nyingine nzima au aliuze gari kama chuma chakavu. Nalo ndilo linalompeleka kwa wajawazito wa kule milimani.

Miaka thelathini nimeishi na dizeli. Injini isiyonguruma kwangu ni kama mgonjwa asiyelalamika — hujui umshike wapi. Nikamwachia binti yangu. Amerudi kutoka chuo cha ufundi mwezi uliopita, na sijampa kazi zaidi ya kubadilisha oili. Tuone.

Jumatano, 5 Machi
Betri iko nyuma ya kiti cha abiria. Nikanyoosha mkono.

"Baba, usiguse."

Hakupaza sauti. Mkono ukarudi wenyewe.

Akachukua glavu nene za mpira, akazijaza hewa na kuzibinya, asikie kama zimetoboka. Ndipo akazivaa. Akachomoa plagi ya usalama, ya rangi ya chungwa, akaitia mfukoni mwake mtu asije akairudisha. Kisha tukasubiri dakika kumi, umeme uliobaki kwenye nyaya uishe. Mimi, nasubiri gari lililozimwa! Humo mna volti mia mbili, akasema, hazikupi nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Alipofungua kifuniko nilibaki mdomo wazi. Vipande ishirini na nane, vimebanana bega kwa bega. Hakuna kinachozunguka. Hakuna tone la oili. Na hivyo ndivyo vilivyolisukuma gari milimani miaka yote hii, kimya kimya. Nilisimama pale kama niliyeingia nyumba ya ibada na viatu.

Feni ya kupoza betri imezibwa na vumbi na nyuzi. Tundu lake la hewa liko ubavuni mwa kiti, pale mkunga anaporundika mablanketi.

"Si uzee, Baba. Ilikuwa inakosa pumzi."

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbili anakijaza umeme kila kipande, anaumaliza tena, anapima, anaandika. Viwili ni dhaifu. Amepata vingine kwenye gari lililopinduka, akachagua vinavyolingana na wenzao. Kipya kabisa hakifai, anasema, kati ya wazee kitavuta peke yake. Nikamwuliza kama ananisema mimi. Akasema hapana. Alichelewa kidogo kujibu.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi betri imerudi mahali pake, feni safi, taa imezimika. Mlimani tulipanga kulijaribu Jumatatu. Mkunga alikuwa amekuja kuliona, simu yake ikaita: mama mmoja ameshikwa na uchungu, kule juu kabisa, mtoto amekaa vibaya.

"Naenda naye," binti yangu akasema, na mita yake ya kupimia umeme mkononi.

Nilitaka kumkataza. Nikajikuta nafungua geti. Gari likatoka bila sauti, kokoto tu zikalia.

Saa nane sasa. Amepiga mara moja: mlima wa kwanza wameupanda, taa haijawaka, umebaki wa pili. Tangu hapo kimya. Huko mtandao haushiki.

Ameingia dereva wa lori, mteja wangu wa miaka ishirini. Anamtaka fundi mkuu.

"Ametoka," nimemwambia. "Kaa, anarudi."