Mjukuu wa Wagida kwenye Foleni ya Mkate

Dalia, upo? Nimetoka kununua mkate, sikia yaliyonikuta.

Mama mmoja kanishika mkono kwenye foleni. "Si wewe uliyeigiza Wagida kwenye tamthilia, yule mwanamke anayesemwa alimtilia mumewe sumu hapa mjini Tanta zamani?" Nikatabasamu, nikidhani anataka tupige picha.

Akasema, "Ni bibi yangu. Mahakama ilimwachia huru."

Ilimwachia, Dalia. Na mimi kwenye tamthilia nimeikoroga ile sumu huku nacheka.

Nikamwambia ndivyo mwandishi alivyoandika. Yaani hata mimi nilijionea aibu.

Wala hakugomba. Akasema tu, "Unaigiza vizuri, binti yangu. Wanangu wameshaamini kuwa alimuua."

Shosti, nimemwomba anipeleke kwao nikazungumze na hao wanawe. Kanitazama, akachukua mkate wake, akaondoka.