Gobole Lililochelewa Kulia

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Gobole lako limelia, na sote tu wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya habari za wajukuu.

Unakumbuka majirani wa hapa kijijini Kisiwani walivyokuwa wakikucheka? Ulishuka kutoka milimani na gobole la babu, kibali chake mfukoni, ukawa unawatishia nyani waliokuwa wakitumalizia mahindi. Likigoma, hukulichungulia. Ulielekeza mtutu kilimani ukaanza wimbo wa kanisani, beti zote, nami nikiitikia nyuma yako. Watu walidhani unaomba.

"Si maombi, Nakijwa," uliniambia. "Moto unaweza kuwa unatambaa humo ndani. Tunaupa nafasi."

Baada ya wimbo ndipo ulipolikagua. Fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, isipolia, ulisema, imeingia unyevu au nyundo imelegea. Fataki ikilia na gobole likanyamaza, basi kile kitundu cha kupitishia moto kimeziba.

Juzi nyani walishuka kundi zima. Mume wangu Eliamani, yule uliyemwita Mgweno mwenye haraka, akashindilia baruti na kitambaa, akafyatua. Fataki ikalia ta! Kisha kimya. Akageuza mtutu, akauinamia ili apulize, kama anachochea kuni jikoni. Nikamdaka mkono.

"Elekeza kilimani! Tuimbe!"

"Mama Upendo, nyani wanakula mahindi, wewe unataka kwaya?"

"Usiponiitikia nitaimba mwenyewe, ila uso wako utoe hapo!"

Nikaimba peke yangu, nyani wakivunja mabua mbele ya macho yetu. Yeye kanuna, gobole kalielekeza kilimani kwa kuniridhisha tu. Nilikuwa ubeti wa pili lilipolia kwa kishindo. Moshi ulipopungua, nilimkuta amekaa chini kwenye matuta, anajipapasa pua, macho, mdomo.

Jana nilizibua kitundu kwa sindano ya kushonea magunia. Ikatoka imejaa mafuta. Kumbe mama amekuwa akilipaka gobole lako tangu tukuzike, lote, mpaka mafuta yakachuruzika hadi ndani, mahali pa baruti. Ningemgombezaje? Nilimwomba awe anapaka kitako peke yake.

"Sawa," akasema. "Hata hivyo ndipo alipokuwa anapashika."

Nikalisuuza kwa maji ya moto, nikalianika juani likakauka kabisa, nikapasua fataki mbili bila baruti ili kitundu kisafike. Leo asubuhi nimelijaribu, likaitika papo hapo. Mama akapiga kigelegele huko uani.

Nimekulilia sana, Baba, tena mahali pa aibu, hadi sokoni Same mbele ya wauza vitunguu. Leo silii. Leo nimejawa na shukrani na nafuu tupu, mwili wote mwepesi.

Mchana tulikula makande. Eliamani hutafuna kwa kelele, jambo ambalo nimemgombezea tangu tuoane. Leo niliacha sahani yangu ipoe, nikakaa nikimsikiliza akitafuna mpaka akamaliza.

Pumzika, Baba. Huku tumebaki sote.

Binti yako,
Nakijwa