Chumba Namba Tisa, Yuko Peke Yake

Shoga, usijifanye hukujua. Mwaka juzi dada yangu alikwambia hayahaya kuhusu hoteli ya mjomba wako, ukamjibu, "Wazoee tu."

Basi nimefika mchana huu. Mapokezi pamejaa watembeza watalii, na yule zuzu wa kaunta ananadi kama yuko mnadani: "Dada yuko peke yake, namba tisa!"

Namba tisa! Peke yake! Mbele ya midume yote ile!

Sijavua hata viatu, mlango unagongwa. "Dada wa namba tisa, fungua nikutembeze."

Nimepiga simu mapokezi. Zuzu anacheka: "Si anakukaribisha tu, dada?"

Akili za kuku! Nimesukuma kitanda mlangoni. Jamaa bado yupo, anapiga mluzi.

Mpigie mjomba wako sasa hivi, aje mwenyewe anihamishe. Na namba mpya aniandikie kwenye karatasi.