Taa ya Mwani

Šibenik, 27 Oktoba

Tonči mpenzi,

Mimi mzima, ila kichwa kinanizunguka kwa ajili ya tangi lako la vioo. Maji ya chumvi nimebadilisha, kaa wako wawili wazima, lakini mwani umepauka tangu taa ilipoungua. Jirani yetu Bepo ananiambia, "Chukua ya buluu, Jelka, inapendeza!" Muuza samaki wa mapambo akamcheka: "Buluu ni ya macho yenu, dada. Mwani unataka nyeupe kama mchana, yenye wekundu kidogo." Sasa nimsikilize nani? Wewe ungejua.

Nikaingia duka la vifaa, nikamwambia mama muuzaji nataka taa ndogo, yenye wekundu, iwake saa nyingi. Akaniletea taa nyekundu ya kuwashwa kaburini! Nilisahau kuwa Siku ya Wafu imekaribia, na wiki hii kila mtu anaulizia hizo. Akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Ni ya mumeo?"

Nilitaka kusema hapana, ni ya mwani. Nikafungua pochi. Kampuni yako ya meli walipiga simu Jumatatu: ulishuka bandarini wiki tatu zilizopita, meli ikaondoka bila wewe. Zaidi ya hapo hawajui. Barua hii naituma kwa wakala wao kwenye bandari hiyo, labda utapita.

Taa nyeupe nimeipata, na naona kama mwani unarudisha rangi. Ile nyekundu nayo niliinunua, kwa aibu tu. Imo kabatini. Niandikie, japo neno moja, uniambie niitupe.

Mkeo,
Jelka