Mkeka wa Junju

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba, mwanangu. Huku Malindi hatujambo. Juzi mdogo wako alichanjwa dhidi ya malaria. Yeye alilia, mimi nikacheka kwa furaha.

Waniuliza ni lini nilijiona mtafiti kweli. Ni siku niliyorudi kijijini Junju, ningali kijana, kumweleza mama mmoja yale tuliyoyagundua kuhusu malaria katika damu ya mwanawe. Alitandika mkeka mpya, akawaita majirani: "Njooni! Wengine huchukua damu wakapotea. Huyu karudi na jibu!"

Wallahi, nilitembea kwa maringo hadi stendi, mkeka kwapani, maana alinipa. Shahada zangu zimo kabatini. Mkeka ndio huu nilioukalia nikikuandikia.

Nyanyako