Nsimire, Damu Nyekundu Walinirudishia

Nsimire,

Weye ni mutu mubaya. Nani alikutuma kukufa mbio hivi? Ungengojea majuma tatu tu. Majuma tatu! Lakini maisha yako yote ulikuwa na haraka: sombe haijaiva, unatoa chungu ku moto, misa haijaisha, uko ku mulango unatafuta viatu. Hata kufa ukakukimbilia, ukaniacha miye, rafiki yako, mukubwa wako kwa miaka, nalala ku kitanda ya pili na homa ile ile. Hata kaburi yako sikuona wakitia udongo. Nimekasirika. Nilitaka ujue hiyo kwanza.

Watu wanasema marehemu hagombezwe. Miye nakugombeza.

Niko naandika na mukono yangu, na zile herufi tulifundishwa pamoja na watawa miaka mbili, mbele ya baba zetu kututoa ku masomo tukalime. Zamani weye njo ulikuwa unaniandikia barua. Sasa ona. Nabintu, mujukuu wako, atapanda kukusomea hii ku kaburi, juu magoti yangu inakataa ule mulima.

Sikia sasa mambo yalipita.

Nilipopona, nguvu ikaanza kurudi, Nabintu naye akashikwa. Homa yetu ile ile, macho mekundu, midomo imepasuka. Wakamupeleka ku lopitali, kule Ibanda. Munganga moja, kijana mwenye miwani, akatuma mutu huku Kasha kuniita. Akaniambia: "Mama, huu ugonjwa ulipigana nao, ukaushinda. Maji ya damu yako imejua namna ya kupigana. Tupatie, tumutilie mutoto." Nikamuuliza kama mama yake anajua anaomba wazee damu. Akacheka. Ungengojea zile majuma tatu, na weye ningekupatia. Nikalala.

Walipima kwanza kama damu yetu inapatana. Kisha sindano, Nsimire! Kama ile ya kushonea magunia. Damu ikajaza chupa, wakaizungusha mu mashini, wakanionesha: nyekundu imekaa chini, na juu yake maji ya manjano, rangi ya pombe ya ndizi, kasiksi iliyochujwa vizuri. Ile nyekundu wakanirudishia mu mukono, nikasikia baridi inapanda mpaka ku bega. Maji njo walipelekea Nabintu. Niliona na macho yangu mbili. Ushike hiyo neno, iko na maana huko mbele.

Siku ya tatu Nabintu aliomba uji. Munganga akasema labda ni ile maji, labda ni Mungu, labda ni mutoto mwenyewe ana kichwa nguvu. Nikamuambia kichwa nguvu alipewa na tate yake. Maana yake weye.

Sasa kosa langu. Nalisema mbio, juu linanichoma.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya mutaa, tuko sisi wote tunasafisha mifereji, kila sitwayeni na jembe yake, nikasimama katikati. Unanijua. Nikasema: "Munaona Nabintu anatembea? Ni damu yangu inatembea mule! Sasa ni mutoto wangu kabisa, kama nimemuzaa na hii tumbo!" Wanawake wakapiga vigelegele. Nikashika kiuno. Mbona sikusema maji? Maji haina sifa, Nsimire. Damu njo iko na sifa.

Na Murhula, mujukuu wangu, na huyu Nabintu wako walikuwa wameisha kupatana kuoana. Baba ya Nabintu hayuko tena, kwa hiyo ng'ombe ya mahari ilikuwa imefika kwa ndugu yako Birindwa, kule Kalehe. Maneno yangu nayo ilifika Kalehe mbele ya jua kushuka, sijui ilipanda gari gani. Birindwa akakuja na fimbo na kofia. Hakukubali kukaa. Akasema: "Mama, ulisema na kinywa yako. Damu yako iko ndani ya mutoto. Hiyo ni cihango." Ile ya wazee, watu kuchanja tumbo na wembe, kila mutu anakunywa damu ya mwenzake, wanakuwa ndugu mpaka kufa. "Na ndugu hawaoane. Kamateni ng'ombe yenu."

Nabintu hakulia. Alikamata jembe akaenda kulima shamba lililokwisha kulimwa. Murhula akaacha kula kwangu. Asubuhi alikuwa ananiambia tu "Jambo, mama," kama mutu anapita mbele ya meza yangu ku soko. Na hapa Kasha watu waliopona wakaanza kumukimbia munganga: mwenye binti, mwenye kijana, kila mutu anaogopa kuharibu ndoa. Kinywa moja tu, Nsimire. Yangu.

Njo nikakumbuka weye. Ile mwaka tulikuwa tunabeba maharagi mpaka soko ya Kadutu, unakumbuka? Nilikuambia: tufanye cihango, weye na miye. Wembe nilikuwa nao tayari, nimeufunga mu kitambaa. Ukakataa. Nilinuna mpaka mavuno ya pili. Kisha siku moja unamenya viazi, bila kuniangalia, ukasema: "Tukikunywa damu, watoto wetu watakuwa ndugu. Tuache njia wazi."

Ile siku moja tu mu maisha yako haukuwa na haraka.

Watoto wetu hakuna hata moja aliyepita mu ile njia. Ikangojea wajukuu. Na miye nikaifunga, na majivuno.

Basi nikafanya kitu sijafanya tangu nizaliwe. Jumamosi nyingine ya salongo nilimuita Birindwa akuje asimame pale pale. Nikatua jembe. Nikasema mbele ya watu wote: "Nilidanganya. Damu yangu nyekundu walinirudishia, niliiona. Nabintu alipata maji tu. Si mutoto wangu. Sikumuzaa, sina kitu mule ndani."

Nsimire, kusema "si mutoto wangu," naye amesimama ananiangalia... Ilinitoboa kupita ile sindano. Na hii hawakunirudishia kitu.

Birindwa akauliza: "Na ile maji?" Nikamuambia: "Birindwa, sisi wote hapa tunakunywa ku chemchemi moja. Basi hakuna mutu ataoa tena?" Watu wakacheka. Hata yeye, nilimuona, alijificha na kofia. Kisha nikamupa maneno yako, ile ya njia wazi, vile vile ulivyosema, na viazi ndani. Hapo hakucheka. Akatoa kofia. Akasema: "Huyo ni dada yangu kabisa." Akashika njia ya Kalehe, na ng'ombe hakuitaja tena.

Ndoa itafungwa kisha mavuno. Kiti yako itakuwa karibu na yangu, na mutu akijaribu kuikalia nitamuondoa na kiko yangu, hata akiwa padiri. Sombe nitapika miye. Nakuahidi nitaiacha iive, na sahani ya kwanza itakuwa yako. Lala vizuri, mwenzangu. Hasira imepungua. Kidogo.

Na weye Nabintu unayesoma, panguza pua. Ukimaliza hapa usirudi nyumbani. Shuka moja kwa moja mpaka Ibanda. Mutoto wa yule mama muuza samaki sambaza amelazwa ku ile kitanda ulilalia weye, na munganga anatafuta mutu aliyepona. Weye umepona. Utoe mukono. Uangalie vizuri wanakurudishia ile nyekundu. Na ukitoka pale, mutu akikuuliza ulitoka wapi, sema ulienda kununua chumvi.