Mzee Anayegeuka Kulia

Doha,
Jumapili, baada ya zamu

Kwako dada yangu Minza,

Mwangaluka. Na kama barua hii imekufikia jua limeshageuka, basi mwadila. Mayu mama yetu ameamkaje? Baba goti linamruhusu? Pamba mmeiwahi, au mvua imeikuta imeshafunguka? Nijibu yote kwa urefu, maana kwenye simu mnaniambia "huku salama tu," na mimi salama ya kwenye simu siiamini. Mlisema salama hata wiki ile ng'ombe wetu walipoingia kwenye choroko za jirani na baraza la kijiji likakaa.

Kabla hujaendelea, geuza bahasha uangalie nyuma. Nimeipaka gundi, na juu ya gundi nimepitisha utepe wa bluu tunaofungia mashuka. Ukikuta utepe umekatwa au umebandikwa upya, aliyekuletea usimpe hata chai. Ni mtu wa Mwandoya, anaonekana mstaarabu, lakini aliniuliza mara mbili ndani kuna nini. Halafu uisome peke yako. Nimetumia karatasi kwa sababu simu ya hapo nyumbani inapita mikono mingi, na mmoja wa mikono hiyo ndio ninaoushuku.

Mimi sijambo. Kazi ni ile ile ya dobi hotelini: mashuka yanaingia machafu, yanatoka ya moto, mimi na Akinyi tunashika ncha na kukunja mpaka mabega yanaomba talaka. Akinyi ni yule Mkenya wa Kisumu niliyekwambia tunakaa chumba kimoja. Wiki hii msimamizi ameanza kunichekea. Sijampa sababu ya kunichekea, kwa hiyo najua kuna zamu ya ziada inakuja.

Sasa lililonifanya niandike. Kwenye sebule ya bweni letu kuna televisheni na mashine ya gemu, na siku ya mapumziko wasichana hucheza gemu la ngumi. Kila mtu anachagua mpiganaji wake, wanapigana mpaka mmoja aanguke. Akinyi ndiye bingwa. Mimi hukaa pembeni nikila karanga, kwa sababu wapiganaji wenyewe siwaelewi: vijana wa vifua kama magunia, na wasichana wenye mapanga na nguo za kulalia. Wiki iliyopita Akinyi akaniita kwa kelele.

"Kabula, kuja haraka! Wameleta mzee wa kwenu."

"Wa kwetu wapi?"

"Si unaona ngoma? Si unaona vumbi? Huyu ni wa huko kwenu kwa ng'ombe."

Dada, nilisimama karanga zikamwagika. Katikati ya vijana wale wa vifua amesimama mzee mfupi, miguu ya upinde, kaptula ya kaki, kofia ya manyoya, ngoma begani. Wamempa jina lisilo kichwa wala miguu, wanamwita Zumbo. Lakini njuga amevaa mguu wa kushoto peke yake. Niambie wewe, ni mchezaji gani wa ngoma ya mbina unayemjua anayevaa njuga mguu mmoja, kwa sababu goti la kulia likifungwa linavimba? Mimi namjua mmoja, na jana nimeongea naye kwenye simu.

Nikamwambia Akinyi, "Nipe hicho kidude nicheze."

"Huyo mzee hakuna mtu anamtumia, dada. Hapigi! Hata teke hana. Watu wanamchukua wacheke tu, halafu wanamweka kando."

Ni kweli hapigi. Haruki, mikono mifupi, anatembea kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Mtoto wa shule anamwangusha. Ila nyuma ya wapiganaji kuna watu wamechorwa wakitazama, na Zumbo akianza kupiga ngoma, wale watu wanaanza kuhama. Mmoja mmoja, wanatoka nyuma ya mwenzake wanakuja nyuma yake. Na kila wanapohama, yule kijana wa kifua nguvu zinamwishia, ngumi zinakuwa laini kama viazi vya kuchemsha. Akibaki hana mtu nyuma yake, anaanguka mwenyewe bila kuguswa.

Akinyi akasema huo ni uchawi. Ikabidi nimweleze kuwa si uchawi, ndivyo mbina inavyoshindwa kwetu: Wagika upande huu, sisi Wagalu upande ule, wanacheza saa moja, uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Aliyebaki na watu ameshinda, aliyebaki na vumbi amekwenda nyumbani. Hakuna refa. Akinyi akacheka, akasema nchi yenu mnapigana kwa kuibiana majirani. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza aliyetengeneza gemu kaambiwa na nani.

Ngoja sasa usikie lililonikausha mate. Zumbo ana pigo moja kubwa. Anaweka ngoma chini, anaifunika khanga nyekundu kama maiti, anapiga magoti anaililia. Wale watu wote wanakimbia kuja kuuliza nani amekufa. Wakishajaa, anaifunua khanga, na juu ya ngoma amesimama jogoo. Jogoo anawika, anaruka, anamdonoa adui machoni.

Msiba wa ngoma, dada! Wetu! Ule Baba aliofundisha jogoo mwekundu uani kwetu Sapiwi, lango limefungwa, mimi nimeshika kibuyu cha maji, Mayu akilalamika kwamba jogoo huyu anakula vizuri kuliko wakwe. Hajawahi kuuonyesha uwanjani hata mara moja. Mwaka ule wa kwanza mvua ilitunyima, watu hawakuwa na moyo wa kucheza; uliofuata goti likamkatalia. Amesema ataucheza mwaka huu pamba ikishauzwa, iwe mara yake ya mwisho, kisha akabidhi ngoma. Wewe unajua amelingoja jambo hili kiasi gani. Sasa fikiria anafunika ngoma yake mbele ya Bariadi nzima, na badala ya watu kukimbilia msiba, vijana wanasema, "Aa, hiyo si ya kwenye gemu? Mzee ameiga." Watahamia kwa Wagika huku wanacheka. Baba hatapona kicheko hicho.

Kwa hiyo nikaanza kufanya kazi yangu. Mnaniita askari kanzu tangu utotoni, haya, leo mtanishukuru. Nilicheza na Zumbo kila nilipopata nafasi, si kwa kumpenda, bali nimchunguze. Na nikaupata udhaifu wake. Kusema kweli aliupata Akinyi, kwa kunipiga nao.

"Wewe huoni?" akaniambia. "Mzee akilia, lazima ageuke kulia mara moja. Anaangalia tu hapo, hakuna kitu. Hapo ndipo unamchapa. Kila mtu anajua. Ngoja mzee ageuke kulia."

Nikatazama, nikaona. Katikati ya msiba, kabla hajafunua khanga, Zumbo anageuza shingo upande wa kulia, anatazama mahali patupu, kisha anarudi. Ni kitambo kidogo tu, lakini hapo amekwisha. Hata umati unasita.

Huo ndio ushahidi wangu, dada, usikilize vizuri. Mimi nimemtazama Baba akifanya zoezi lile tangu jogoo akiwa kifaranga. Hakuwahi kugeuka kulia. Ningeona, maana kulia kwake ndiko nilikosimama mimi. Basi aliyewapa wenye gemu picha za Baba alizipiga baada ya mimi kuondoka. Si mtafiti yeyote wa zamani, si mpita njia. Ni mtu aliyekuwa ndani ya ua, lango likiwa limefungwa, baada ya mimi kupanda basi. Na siku za zoezi ndani ya ua mliruhusiwa watu wanne tu: Baba, Mayu, wewe, na Masunga.

Wewe nimekutoa. Simu yako haina kamera nzuri. Amebaki kitinda mimba wetu, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kurusha nyimbo pale mjini, mwenye kompyuta, mwenye kujua kila njia ya kutuma kitu mbali. Na pikipiki mpya aliipanda mwaka gani? Jibu moyoni mwako. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua nikiondoka mambo yangu yataguswa, asiyekuwepo na lake halipo, lakini sikudhani wataanza na mambo ya Baba. Naomba uende kibandani kwake kama unataka kuchaji simu, ukae, uangalie kwenye ile kompyuta. Usimuulize kitu. Masunga akiulizwa anacheka, na akicheka humpati tena.

Alhamisi

Dada, hayo ya juu niliandika Jumapili na nilikuwa nimefunga bahasha. Ule utepe unaouona ni wa pili. Aliyeukata wa kwanza ni mimi, usimfukuze mtu wa Mwandoya.

Jana Akinyi alichoka kunisikia nikimsema ndugu yangu kila tunapokunja shuka. Akachukua simu, akaandika maneno ya mbina, ngoma, jogoo, na Bariadi. Akatafuta na kutafuta. Halafu akanisukumia simu.

Ilikuwa video. Ua wetu. Nimeona kinu, nimeona ile baiskeli isiyo na tairi. Aliyeiweka ni Masunga kwa jina lake kamili, hakujificha popote. Chini yake ameandika: "Dada Kabula, nimekutumia kwa laini yangu mpya hufungui. Nimeiweka hapa uangalie. Baba anakusalimu."

Laini mpya! Nakumbuka vizuri. Nilipofika huku tu, namba nisiyoijua ilinitumia video, na mimi namba nisiyoijua siipokei, nikaifungia. Matapeli wamejaa, watakutumia picha ya ng'ombe wako mwenyewe. Baadaye Masunga alipopiga kwa laini yake ya zamani akaniuliza, "Uliona?" nikasema nimeona, ili anyamaze, nikidhani anasema habari ya pikipiki yake. Yeye akaiacha pale pale, akiamini mtandao mkubwa vile hakuna wa kuiangalia isipokuwa dada yake. Wenye gemu wakapita wakaokota. Hao sijawasamehe, na siku nikiwajua wataniona.

Lakini si hilo ninalotaka kukwambia. Kwenye video Baba anaifunika ngoma, anaililia, kila kitu kama kwenye gemu. Kisha anageuka kulia. Anatazama, anarudi. Na sauti ya Mayu inasikika pembeni:

"Baba Minza, unaangalia nini huko?"

Baba anasema, "Naangalia kama Kabula ameshika kibuyu." Halafu anasema, "Aa. Nimesahau."

Nilikaa juu ya lundo la mashuka nikalia, dada. Nililia sana, na msimamizi aliponijia safari hii hakucheka. Mimi nimekaa wiki nzima na mahali pale patupu mbele yangu, nikapafanya ushahidi, nikampeleleza ndugu yangu kwa ajili yake. Nilisema asiyekuwepo na lake halipo. Na dunia nzima inampiga mzee wa watu kwa sababu anaangalia nilipokuwa nimesimama.

Kurasa za mwanzo sizichani. Mpe Masunga azisome, acheke anavyotaka, kisha umwambie nimeifungulia namba yake. Ila ile pikipiki bado ninataka kuijua.

Kuhusu mbina, Akinyi ana wazo na nimelipokea. Anasema vijana wa mjini waliomcheza Zumbo hawatahama eti kwa kuwa wameuona msiba ule. Watakuja kwa kuwa wanataka kumwona mwenyewe. Basi Baba asibadilishe kitu. Ngoma aifunike, jogoo awike. Na usimwambie habari za gemu, Masunga atamweleza uwanjani yakishakwisha.

Nisalimie Mayu, mwambie jogoo asichinjwe hata akija askofu. Nisalimie shangazi wa Kimali, mwenye kuuliza mshahara wangu kabla ya hali yangu. Shemeji mumeo naye nisalimie, na watoto wote, hasa yule aliyepewa jina langu. Mfundisheni kutomwamini kila mtu. Baba usimpe salamu zangu. Ninazo nyingine.

Najua wapinzani wetu nao wana wajukuu, na wajukuu wana gemu. Watakuwa wameshamwambia kiongozi wao: ngoja mzee ageuke kulia, hapo piga ngoma zako zote, umati utakuwa umesita. Waache wangoje. Nimeomba likizo, na msimamizi ametia sahihi. Kumbe alikuwa akinichekea kwa wema tu. Wewe nitafutie kile kibuyu, kioshe, ukiweke mahali ambapo Baba hatakiona.

Halafu mwache ageuke.

Mdogo wako,
Kabula, mshika kibuyu